Sina fedha za wakili, na watoto wangu siwaoni

Ndugu Mshauri,

Ninaandika nikiwa na wasiwasi kama barua yangu inafaa kwa safu hii, kwa sababu mara nyingi nisomapo humu habari za watu walioachana, waandishi huwa ni akina mama. Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Niliachana na mama yao miaka mitatu iliyopita, na mahakama iliamua kwamba watoto wakae na mama yao, mimi nitoe kiasi maalumu cha matunzo kila mwezi, na niwe ninawachukua mara mbili kwa mwezi, mwisho wa juma. Wakati huo nilikuwa dereva mwenye ajira ya kudumu, na kiasi kile sikukiona kizito.

Mwaka mmoja uliopita kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwao. Tangu hapo ninaishi kwa vibarua: mwezi huu napata, mwezi ujao sipati. Nilikuwa nikimtumia mama watoto nilichojaliwa, mara nusu, mara robo, na mara nyingine nilinunua viatu vya shule au dawa badala ya kutuma fedha. Hatukuandikiana lolote. Baada ya miezi mitano ya hali hiyo, aliniambia kwamba asiyelipa hana watoto wa kuwaona. Tangu siku ile ni miezi saba sijawatia machoni, na simu zangu hazipokelewi. Sitaficha kwamba kwa hasira nami niliacha kutuma chochote kwa miezi miwili.

Wiki iliyopita nimeletewa wito wa mahakama. Ninadaiwa malimbikizo ya miezi kumi na moja, na ninatakiwa kufika baada ya wiki tatu. Nilikwenda kumuuliza wakili gharama zake, akanitajia kiasi kinachozidi pato langu la miezi minne. Nikaenda ofisi moja ya msaada wa kisheria, nikaambiwa mlangoni kwamba wao hushughulikia kesi za wanawake na watoto. Nikiwa natoka, bwana mmoja anayeshinda nje ya mahakama akaniambia ataniandikia nyaraka zote na “kuzungumza na watu wa ndani”, nimpe nusu ya malipo sasa na nusu baadaye. Kaka yangu kwa upande wake ananishauri nisiende kabisa, akisema kwamba baba anayefika mahakamani mikono mitupu hurudi akiwa mfungwa.

Naomba unieleze: je, mwanamume asiye na kitu anaweza kupata msaada wa kisheria wa bure, au huduma hiyo si yetu? Na je, nina haki ya kuzuia matunzo mpaka nitakapowaona watoto wangu?

Baba wa wawili

*

Ndugu yangu Baba wa wawili,

Nianze na jambo lenye tarehe, kwa kuwa mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Nenda mahakamani siku uliyopangiwa. Kaka yako amesema kwa huruma, lakini katika yote uliyoshauriwa hilo ndilo litakalokuumiza zaidi. Aliyeitwa asipofika, mahakama katika nchi nyingi huweza kumsikiliza aliyefika peke yake na kuamua kwa maneno yake, na mara nyingine hutoa hati ya kumkamata asiyefika. Hakimu atakayeamua hatakuwa na namna ya kujua kwamba ulipunguzwa kazini, kwa sababu mtu pekee ambaye angemweleza atakuwa amejificha nyumbani.

Hofu ya kifungo ina msingi, ila haijakaa mahali pake. Kwa kawaida adhabu hiyo imewekwa kwa ajili ya mzazi mwenye uwezo anayekaidi amri, na mzazi asiye na uwezo anatakiwa kuuthibitisha ukosefu wake. Mfano mmoja unaojulikana sana ni wa Marekani. Michael Turner, baba wa jimbo la South Carolina, alifungwa miezi 12 kwa kutolipa matunzo, akiwa hana wakili, na hakimu hakufanya uchunguzi wa kubaini kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumfunga namna ile kulikiuka haki yake ya kutendewa kwa utaratibu wa haki. Hata hivyo, mahakama hiyohiyo ilikataa kusema kwamba kila baba aliye katika hali kama yake lazima apewe wakili na serikali. Chukua funzo la pande zote mbili: usiende ukitegemea kwamba utakuta wakili amekusubiri, wala usiende ukidhani kwamba kukosa fedha ni hatia. Ni utetezi, lakini ni utetezi unaosimama juu ya karatasi.

Sasa niseme kosa lako kubwa, ambalo naona hata hukulitaja kama kosa. Hukwenda mahakamani kuomba amri ibadilishwe pale ulipopoteza kazi. Amri ya matunzo haijui kwamba kampuni imepunguza watu. Inaendelea kuhesabu kiasi kilekile mwezi baada ya mwezi mpaka mahakama iliyoitoa iibadilishe, na makubaliano ya mdomo kati yako na mama watoto, hata kama yalikuwepo, hayaipunguzi. Baba wengi wa kipato cha chini huangukia hapa, nao si watu wabaya. Wanaona aibu kurudi mbele ya hakimu kusema wameishiwa, kwa hiyo wananyamaza, na deni linakua katika ukimya huo. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inawazuia majaji kupunguza malimbikizo yaliyokwisha kuiva, na nafuu inaweza kuanza tu tangu upande wa pili ulipoarifiwa kwamba ombi la mabadiliko limefunguliwa. Mahali pengine hakimu ana uhuru zaidi, lakini popote ulipo, kila wiki unayochelewa ni wiki inayohesabiwa kwa kiwango cha mshahara usiokuwa nao tena. Kwa hiyo kabla ya siku ya kesi, fungua maombi ya kubadilisha amri. Usingoje kuyasema kwa mdomo siku hiyo.

Hukutaja nchi unayoishi, nami sikulaumu, lakini mambo ambayo hakimu huyatazama anapopanga kiasi cha matunzo yanafanana kwa sehemu kubwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kwa mfano, inaitaka mahakama izingatie kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa mzazi kujipatia kipato, majukumu yake ya kifedha ya kuwatunza watoto wengine, na gharama za maisha za eneo mtoto anapoishi. Usome mlolongo huo kama orodha ya vielelezo unavyotakiwa kuvitafuta: barua ya kuachishwa kazi, taarifa ya benki au ya akaunti ya simu ya miezi kumi na miwili, maandishi ya yeyote aliyekupa kibarua, na ushahidi kwamba umekuwa ukitafuta kazi. Hilo la mwisho hudharauliwa mno. Mahakama haifurahishwi na mtu mwenye afya anayesema hana kazi huku akiwa hana hata nakala moja ya barua ya maombi.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Huna haki ya kuzuia matunzo kwa sababu umenyimwa watoto, kama ambavyo mama yao hana haki ya kukunyima watoto kwa sababu hukulipa. Sheria huyatenganisha mambo hayo mawili kwa sababu yote mawili ni ya mtoto. Chakula ni chake, na baba ni wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kudumisha uhusiano na kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunapingana na maslahi yake. Sheria ya Tanzania niliyoitaja inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana nafasi ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasivurugwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inatamka kwamba wajibu wa kumlea mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Tazama jinsi maneno hayo yalivyopangwa: mwenye haki ni mtoto. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema “haki yangu, haki yangu”, utakuwa umeanza vibaya.

Ile miezi miwili uliyozuia fedha kwa hasira, iseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Itatajwa tu, maana mama watoto anaijua, na inapendeza zaidi ikitoka kinywani mwako pamoja na maelezo mafupi na bila visingizio. Halafu anza kutuma tena, leo, hata kiasi kidogo, kwa njia inayoacha kumbukumbu, ukiandika kwamba ni matunzo ya watoto na ya mwezi gani. Viatu na dawa ulizonunua ni jambo jema, lakini usishangae mahakama ikikataa kuvihesabu kama malipo, kwa sababu amri ilisema fedha. Vitaje kama ushahidi wa nia, si kama hesabu ya deni.

Na niongeze hili, ingawa hukuniuliza. Mama yao amekaa mwaka mzima akilisha watoto wawili kwa fedha zisizotabirika. Alichofanya kuhusu kuonana si sahihi, lakini ukienda na barua ya kumshtaki badala ya pendekezo la kutengeneza mambo, utakuwa umetupa nafasi ya mapatano ambayo huenda bado ipo.

Sasa nije kwenye msaada wa bure. Ndiyo, ni wako pia. Sheria za msaada wa kisheria kwa kawaida humpima mwombaji kwa kipato chake na uzito wa shauri lake, wala hazimpimi kwa jinsia. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 iliyoanzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria; zote mbili zinamlenga mtu asiye na uwezo, awe mwanamke au mwanamume. Nchini Marekani, ofisi zinazofadhiliwa na Legal Services Corporation, taasisi iliyoundwa mwaka 1974, kwa kawaida hupokea watu ambao kipato chao hakizidi asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini, wake kwa waume. Uingereza na Wales nako, kwa upande mwingine, tangu mwaka 2013 migogoro mingi ya wazazi kuhusu watoto iliondolewa kwenye msaada wa serikali, isipokuwa penye ushahidi wa ukatili wa nyumbani au mtoto kuwa hatarini. Kwa hiyo ni lazima uulize masharti ya mahali ulipo, lakini usiulize kwa unyonge kana kwamba unaomba kitu cha mwenzako.

Ofisi iliyokurudisha mlangoni usiichukie. Mashirika mengi yalianzishwa kwa ajili ya wanawake na watoto kwa sababu zinazoeleweka, na fedha wanazopewa zimefungwa kwenye kazi hiyo. Ipo pia sababu ya pili ambayo watu wa mapokezi mara nyingi hawaielezi: kama mama watoto aliwahi kwenda kwao kuomba msaada, hawaruhusiwi kukuhudumia wewe katika shauri hilohilo, kwa kuwa wakili hawezi kutumikia pande mbili zinazogombana. Ungewauliza swali moja tu, “Nielekezeni wapi?”, pengine ungeondoka na anwani tatu. Rudi ukawaulize. Kisha tembelea chama cha mawakili cha nchi yako na uulizie mawakili wanaojitolea, kitivo cha sheria cha chuo kikuu kilicho karibu, kwa kuwa vingi vina kliniki ambako wanafunzi husaidia wananchi chini ya usimamizi wa walimu wao, na dawati la msaada katika mahakama yenyewe kama lipo. Usiisahau ofisi ya ustawi wa jamii. Si ofisi ya mawakili, lakini katika mashauri ya watoto taarifa ya afisa ustawi huwa na uzito mkubwa, na baadhi ya maafisa hao wamewahi kuwaketisha wazazi meza moja kabla hakimu hajafungua jalada.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba msaada si lazima uwe wakili wa kusimama nawe tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiambiwa, “Hatuna wakili wa kukuwakilisha,” usiinuke kitini. Omba saa moja ya mtu kusoma wito wako na amri ya awali, omba akusaidie kuandika maombi na hati ya kiapo, omba akueleze siku hiyo utasimama wapi na utaulizwa nini. Msaidizi wa kisheria hawezi kukutetea mahakamani kama wakili, lakini anaweza kukusaidia katika hayo karibu yote. Katika historia ya sheria ya Uingereza kuna shauri la talaka la mwaka 1970, la mume aitwaye McKenzie, ambaye msaada wake wa kisheria ulikuwa umekatika. Mtu aliyekaa pembeni yake akimnong’oneza na kumwandikia vidokezo alizuiwa na jaji, na mahakama ya rufaa ikasema kwamba kumzuia kulikuwa kosa. Hadi leo msaidizi wa aina hiyo huitwa huko kwa jina la McKenzie. Uliza kama mahakama yako inaruhusu mtu wa kukaa nawe, hata asiposema neno. Uliza pia kwa karani utaratibu wa kusamehewa ada za kufungua maombi. Mahakama nyingi zinao, ila hakuna anayekufuata kukutangazia.

Unapokwenda kuonana na yeyote kati ya hao, beba wito, amri ya awali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vielelezo vya kipato, na karatasi moja, narudia, moja, uliyoandika matukio kwa tarehe: siku ya amri, siku ya kupunguzwa kazi, kila malipo na kiasi chake, siku ya mwisho kuwaona watoto. Mtu anayehudumia watu arobaini kwa siku atakusaidia zaidi akikuelewa katika dakika tano. Usianze na historia ya ndoa. Anza na tarehe ya kesi.

Yule bwana wa nje ya mahakama mwache hapo alipo. Vishoka wa aina yake wanajua kuwa mtu mwenye wito mkononi hafikiri vizuri. “Kuzungumza na watu wa ndani” maana yake ni rushwa, nawe ungekuwa mtoaji. Na hati ya kiapo atakayokuandikia, ikiwa na uongo ndani yake, itakuwa na sahihi yako, si yake.

Kuhusu watoto wenyewe, fungua ombi la kutekelezwa kwa ratiba ya kuonana, pamoja na lile la kubadilisha matunzo, na upendekeze upatanishi kama mahakama inao. Usiende shuleni kuwachukua kwa nguvu, wala usimtumie binti yako ujumbe wa kumpelekea mama yake. Nakushauri usidai kurudi mara moja kwenye ratiba ya zamani. Kwa mtoto wa miaka mitano miezi saba ni mirefu. Huenda akakuona mgeni siku ya kwanza. Pendekeza mikutano mifupi ya mchana kwa wiki chache, mahali ambapo mama yao atakuwa na amani napo, kisha usiku mmoja, kisha ratiba kamili. Pendekezo la namna hiyo humrahisishia hakimu kazi. Na kama katika ndoa yenu kulikuwa na vurugu au tuhuma zozote ambazo hukuziandika kwenye barua, mweleze anayekusaidia kabla ya siku ya kesi. Asizisikie mara ya kwanza zikisomwa mahakamani.

Ikiwa wiki tatu zitakwisha kabla hujapata mtu, fika mapema, jiandikishe, na jina lako likiitwa mwombe hakimu muda mfupi, ukimwonyesha nakala ya maombi uliyofungua na karatasi ya ofisi ya msaada inayoonyesha kwamba umekwisha kujisajili. Hakimu atakuuliza unaweza kulipa kiasi gani. Jibu hilo lifikirie nyumbani, usilitunge pale. Taja kiasi ambacho utaweza kukitoa hata katika mwezi ambao kibarua kimekosekana, na uwe nacho cha mwezi huu mfukoni.